Chumba cha darini Dar es Salaam: namna ya kuchagua kihami joto cha paa

Miongozo mingi ya kugeuza dari kuwa chumba imeandikwa na watu wanaopigana na baridi. Uingereza, kwa mfano, mwenye nyumba hushauriwa kutandika pamba ya kuhami yenye unene wa 270 mm darini ili joto la hita lisitoroke. Ukiubeba ushauri huo ulivyo ukaupeleka Tabata au Mbezi, utatumia hela nyingi kuzuia kitu ambacho hakikusumbui, na sehemu moja ya ushauri huo, ile ya karatasi ya kuzuia unyevu, inaweza hata kukuozeshea mbao.

Adui wetu yuko juu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba, na hata Juni halishuki sana. Kuta hupata jua la asubuhi na la jioni. Paa hulipata kutwa nzima. Bati la rangi nzito mchana wa Februari hufika nyuzi 60 na kuzidi, na kuanzia hapo hurusha joto chini kwa mionzi, kwenye chochote kinacholitazama. Chumba cha darini kinalitazama bati pande mbili. Hilo ndilo la kuamulia kila unachonunua.

Hatua ya kwanza: pima, na usiguse kenchi

Nyumba nyingi mpya zina paa la kuficha, bati limelala nyuma ya ukuta na darini hata paka anainama. Hapo hakuna chumba, tafuta kwingine pa kupanua. Kama paa limesimama, panda na futi, pima kutoka juu ya mbao za dari hadi chini ya kofia, lile bati la kileleni. Ukipata mita 2.6, kumbuka kwamba sakafu mpya, pengo la hewa, kihami na jipsamu vitakula karibu sentimita 40, na utabaki na mita 2.2 katikati ya chumba tu. Pembeni ni pa makabati.

Kenchi ni habari nyingine. Zile mbao za mshazari na nguzo ya katikati ndizo zinazozuia paa lisizisukume kuta kwenda nje. Fundi akikwambia "hii tunakata tu bosi, haina shida", mwambie ashuke. Mbao za dari nazo, mara nyingi za inchi 2 kwa 4, ziliwekwa kubeba jipsamu. Hazikuwekwa kubeba kitanda, kabati na watoto watatu wanaoruka. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akuchoree sakafu na namna ya kufungua kenchi, kisha upeleke michoro hiyo halmashauri yako kuomba kibali: Jiji kwa walio Ilala, au manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni.

Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni la mabamba ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji, simama kwanza. Huenda ni asbesto. Usitoboe, usikate, usisugue. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Hatua ya pili: kiyoyozi au upepo?

Watu huliacha swali hili hadi mwisho, wakati ndilo linaloamua unene, karatasi, madirisha, kila kitu.

Chumba cha upepo kinahitaji matundu makubwa pande mbili zinazotazamana. Miezi ya joto kali, kuanzia Novemba hadi Machi, kinachovuma ni kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Dirisha linaloelekea huko ndilo litakalokupa usingizi, mradi upande wa pili pawe na pa kutokea. Kusi huja na miezi ya baridi kidogo, ambayo haina malalamiko. Katika chumba cha namna hii hewa ya ndani na ya nje ni ileile, kwa hiyo kazi ya kihami ni kuzuia mionzi ya bati, basi. Unene wa kupindukia hauna faida.

Chumba cha kiyoyozi hufungwa. Joto linaloingia unalilipia kwa uniti za LUKU, kwa hiyo unene unaanza kuwa na maana, na unyevu unakuwa tatizo la kweli. Nitalirudia hilo kwa urefu.

Anayetaka vyote viwili, madirisha wazi jioni na kiyoyozi usiku wa manane, ajenge kwa masharti ya kiyoyozi.

Hatua ya tatu: shughulikia bati lenyewe

Kabla ya kununua hata mita moja ya kihami, panda darini saa saba mchana, zima taa, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu la maji. Matundu ya misumari yazibwe, kofia zilizoachia zifungwe upya, gata zisafishwe. Kihami kikishafunikwa na jipsamu hutajua panapovuja mpaka doa litokeze, na pamba iliyolowa haifanyi kazi yoyote.

Halafu rangi. Wengi hapa mjini hupenda bati la damu ya mzee, la bluu iliyoiva au la kijivu cha mkaa. Linapendeza, sibishi. Lakini rangi hizo hunyonya sehemu kubwa ya jua linalozipiga, wakati rangi nyeupe ya paa ikiwa mpya hurudisha angani karibu robo tatu. Bati jipya lisilopakwa hurudisha jua vizuri, ila halina wepesi wa kutoa joto lililokwisha kuingia, na likianza kutu hata hilo la kwanza linapotea. Kama paa lako linangoja kupakwa rangi hata hivyo, paka nyeupe au krimu, na uioshe kila baada ya masika maana vumbi na ukungu huipunguzia nguvu. Kwa wanaokaa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, rangi hiyo pia hulichelewesha bati kuliwa na chumvi.

Hatua ya nne: chagua kihami

Hebu tufanye hesabu ya haraka, kwa sababu wauzaji hawapendi kuifanya. Chukua chumba ambacho paa lake lina mita za mraba 20. Bati limefika nyuzi 60, ndani unataka 30.

Ukiwa na jipsamu tu chini ya bati, joto linaloingia ni kama wati 1,500, sawa na pasi ya umeme iliyoachwa imewashwa chumbani mchana kutwa. Ukiongeza karatasi ya aluminiamu yenye pengo la hewa, inashuka hadi kama wati 600. Karatasi hiyo pamoja na pamba ya kioo ya 50 mm: wati 270 hivi. Karatasi na pamba ya 100 mm: wati 170.

Soma tena namba hizo. Karatasi ya aluminiamu peke yake imeokoa wati 900. Sentimita 5 za kwanza za pamba zimeokoa 330. Sentimita 5 za pili zimeokoa 100 tu, na huku zimekupunguzia urefu wa chumba. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa nje kama wati 3,500, kwa hiyo paa lisilo na kihami linakula karibu nusu ya nguvu yake kabla hakijakuhudumia wewe. Kwa maoni yangu, chumba cha upepo kinatosheka na karatasi pamoja na pamba ya 50 mm, na chumba cha kiyoyozi kifike kwenye usawa wa 100 mm ya pamba. Zaidi ya hapo, hela hiyo nunua dirisha zuri.

Sasa bidhaa zenyewe.

Karatasi ya aluminiamu ndiyo ya kwanza kwenye orodha yako. Aluminiamu inayong'aa hurudisha karibu mionzi yote ya joto inayoipiga, na upande wake wa pili hautoi mionzi zaidi ya asilimia 5 au hivyo ya ile ambayo ungetoa uso wa kawaida. Ila ina sharti moja lisilosameheka: lazima upande unaong'aa utazame hewa. Ikibanwa kati ya bati na papi (mbao ambazo bati hupigiliwa), ikagusana na bati, joto hupita moja kwa moja na umenunua pambo. Pengo lisipungue 25 mm. 50 mm ni bora. Nunua yenye nyuzinyuzi za kuimarisha katikati, ile unayojaribu kuichana kwa mkono ikakushinda. Ipo ya mapovu ya plastiki katikati, nene kama 4 mm, na hapo utasikia maneno mengi dukani: "hii bosi ni sawa na pamba ya sentimita 10." Si kweli. Mapovu yenyewe yanachangia kidogo sana. Kazi inafanywa na uso wa aluminiamu na pengo la hewa, vilevile kama karatasi nyembamba. Ilipie kwa uimara wake kama unataka, usiilipie kwa hadithi.

Pamba ya kioo na pamba ya mwamba zinafanana kikazi. Ile ya mwamba ni nzito zaidi, inavumilia moto zaidi, na inameza kelele za mvua vizuri zaidi, jambo ambalo aliyewahi kulala chini ya bati Aprili atalielewa. Zote haziwaki. Ubaya wake: zinawasha ngozi wakati wa kufunga, hazipendi maji, na zikibanwa zinapoteza nguvu. Pamba ya 100 mm ikisukumwa ndani ya nafasi ya 50 mm haibaki kuwa ya 100.

Mabamba ya povu gumu la manjano, yale ya poliaisosayanureti, ni ghali lakini yanaokoa nafasi: 50 mm yake inafanya kazi ya karibu 90 mm ya pamba. Kwa paa fupi, hilo linaweza kuwa ndilo linaloamua kama utasimama wima au utainama. Usipoyaona kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, waulize wanaojenga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na nyama.

Vibao vyeupe vya povu, ile aina inayokuja ndani ya katoni ya televisheni, vinahami joto karibu sawa na pamba na bei yake ni rahisi. Mimi siviweki kwenye chumba cha kulala cha juu chenye ngazi moja. Vikishika moto vinayeyuka, vinadondoka vikiwaka, na moshi wake mweusi unaua kabla moto haujafika. Anayeviweka lazima avifunike kabisa kwa jipsamu, hakuna kuacha sehemu wazi nyuma ya kabati. Sharti hilohilo ni la povu la kupuliza, ambalo linaziba kila upenyo kwa uzuri wa ajabu. Hilo nina neno jingine juu yake: likipulizwa moja kwa moja kwenye bati, siku bati likitoboka kutu hutaona maji yanakotokea, na bati halitabadilishwa bila kuvunja kila kitu.

Utasikia pia habari za usumba wa nazi, sufi, hata pumba za mpunga. Kama vihami si vibaya hata kidogo, na anayekaa chini ya makuti anajua. Lakini sufi hushika moto kwa cheche moja, pumba huita panya, na usumba usiotiwa dawa nao huwaka. Darini juu ya watoto, acha.

Hatua ya tano: mpangilio wa tabaka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata pale vifaa vilipokuwa vizuri.

Kutoka juu kwenda chini: bati, papi, pengo la hewa la 50 mm, karatasi ya aluminiamu, pamba au bamba, kisha jipsamu. Pengo liwe na pa kuingilia hewa chini, kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa, panapofungwa gata) au chini ya uvungu wa paa, na pa kutokea juu karibu na kofia. Hewa iliyochemka chini ya bati hupanda yenyewe na kutoka; usipoipa mlango itakaa. Matundu yote yawekewe wavu mgumu wa chuma, usio na nafasi ya kupita kidole. Popo wa Dar hawahitaji mwaliko.

Kama mbao za paa ni 2 kwa 4, zina kina cha kama 100 mm. Toa pengo la 50, umebaki na 50 za pamba. Ukitaka zaidi, pigilia mbao za 2 kwa 2 chini yake zikikatiza, uweke tabaka la pili hapo. Faida ya ziada ni kwamba tabaka hilo linafunika mbao zenyewe, ambazo hupitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko pamba.

Sasa unyevu. Katika nchi za baridi, hewa yenye unyevu ni ya ndani, na karatasi isiyopitisha mvuke huwekwa upande wa chumba. Kwetu, ukiwasha kiyoyozi, mambo hugeuka: hewa nzito ya unyevu iko nje. Masika ikifika, hewa ya Dar huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au 24. Jipsamu ya chumba kilichowekwa nyuzi 19 iko chini ya hapo. Ukiwa umeweka nailoni nyuma ya jipsamu kama mwongozo wa Ulaya unavyosema, mvuke unapita kwenye pamba, unakutana na nailoni baridi, unageuka maji, na maji hayo hayana pa kwenda. Baada ya misimu miwili utanusa ukungu usioujua unatoka wapi.

Kwa hiyo kwetu ngozi isiyopitisha mvuke hukaa juu ya pamba, upande wa bati. Karatasi ya aluminiamu inafanya kazi hiyo bure, mradi maungio yapandiane 150 mm na kufungwa kwa tepu ya aluminiamu, wala si selotepu ya vitabu. Chini, jipsamu ipakwe rangi ya kawaida ya maji, si ya mafuta, ili unyevu wowote ulioponyoka upumue kuelekea chumbani, ambako kiyoyozi kitaukausha. Na usiweke kiyoyozi nyuzi 16. Weka 25, ongeza feni.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine. Alfajiri, bati linapotazama anga tupu, hupoa kuliko hewa na kutoa jasho kwa chini. Matone yale yaangukie kwenye karatasi na kuteremka hadi nje. Hivyo kipande cha juu kipandie cha chini, kama bati zenyewe zinavyopandiana, na ncha ya mwisho ipite juu ya fisha bodi hadi kwenye gata. Mpandiano ukiwa kinyume, maji yataingia kwenye pamba.

Hatua ya sita: umeme kwanza, halafu mengine

Aluminiamu hupitisha umeme. Australia ilipoendesha mpango wa serikali wa kuhami nyumba mwaka 2009 na 2010, vijana 4 walifariki wakiwa kazini, 3 kati yao kwa shoti, na Februari 2010 karatasi za aluminiamu ziliondolewa kwenye mpango huo. Katika kifo kimojawapo, pini ya chuma ilipita kwenye karatasi ikagusa waya. Darini kwetu nyaya zimelala ovyo, nyingine zimeungwa kwa selotepu na fundi maiko wa zamani. Mwite fundi umeme mwenye leseni apitishe nyaya zote ndani ya mabomba, zikiwa chini ya kihami, kabla karatasi haijafika. Siku ya kufunga, zima umeme kwenye swichi kuu. Swichi ya chumba haitoshi.

Nyaya zilizozikwa ndani ya pamba hazipoi vizuri, kwa hiyo waya wa kiyoyozi uwe mnene kuliko kawaida. Fundi umeme atakupigia hesabu. Taa za kuzamisha kwenye jipsamu usiweke kwenye paa la mshazari. Kila tundu lake ni mlango wa joto na mvuke, na taa yenyewe inapika ndani ya pamba. Weka taa za ukutani.

Mbao mpya zote zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufunikwa. Wanaofunga pamba wavae barakoa, glavu na mikono mirefu, na pasiwe na mtoto nyumbani siku hiyo.

Hatua ya saba: kununua na kukagua

Dukani, Kariakoo au kwingine, uliza namba mbili: unene, na kiwango cha kupitisha joto kilichoandikwa kwenye lebo. Pamba nzuri iko kati ya 0.035 na 0.040, bamba la manjano kati ya 0.022 na 0.025. Chukua unene kwa mita (100 mm ni mita 0.1), ugawanye kwa namba hiyo, utapata ukinzani wa joto, na sasa unaweza kulinganisha bidhaa mbili za bei tofauti bila kusikiliza sifa. Pamba ya 100 mm yenye 0.040 inakupa 2.5. Marobota yaliyolowa yakakaushwa yakataeni hata kwa nusu bei. Nunua asilimia 10 zaidi kwa ajili ya mipandiano na vipande vya kona.

Mlipe fundi kwa awamu, na awamu kubwa ibaki hadi ukaguzi wa karatasi, kabla jipsamu haijapanda. Siku hiyo panda mwenyewe. Ingiza mkono juu ya karatasi sehemu kadhaa uone kama pengo lipo kweli. Mwagia bati ndoo chache za maji karibu na kofia, uangalie yanakotokea. Tazama kila ungio kama lina tepu, na kila kona karibu na ukuta, kwa sababu hapo ndipo mafundi huchoka. Piga picha za nyaya zilipopita. Zitakuokoa siku ya kutoboa ukuta kuweka rafu.

Jipsamu ikishapanda, ngoja mchana wa jua kali, saa nane hivi, funga madirisha na uweke kiganja kwenye dari ya mshazari, kisha kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Tofauti iwe ndogo. Ukikuta kipande kimoja kina moto kuliko jirani yake, hapo pamba imeteleza au karatasi imegusa bati. Fundi afungue kipande hicho na kurekebisha kabla ya kupewa hela iliyobaki.